Feni Ijiwashayo: Mlinzi wa Samaki Askari Awapo Safarini

Ndugu wapiganaji na ndugu askari polisi, kazi yetu ni kazi ya kuondoka. Amri hufika usiku, na kabla ya jua kuchomoza tumekwisha panda gari. Yote tuliyokuwa tukiyatunza nyumbani kwa mikono yetu wenyewe, kuku, bustani, redio mbovu iliyofunguliwa juu ya meza, hubaki mikononi mwa mama na watoto. Leo tunapenda kuzungumzia kitu kimoja kati ya hivyo ambacho huachwa bila maelekezo ya kutosha, nacho ni tangi la kioo la samaki wa kufugwa. Tutaeleza namna askari awezavyo kuunda swichi inayowasha feni yenyewe maji yapatapo joto, na kuizima yapoapo.

Sababu ya kuandika tunayo. Mwezi wa Februari 2022 tulikuwa tukikaa na familia yetu katika kambi moja ya kaskazini mwa Uganda, ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa mabati yasiyo na dari. Sebuleni palikuwa na tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Ndani yake waliishi nkejje 11, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu. Tuliwaleta wenyewe kutoka ziwani ndani ya jerikeni, njia nzima tukiifungua kila tuliposimama ili wapate hewa. Kisha tukapewa safari ya wiki mbili. Tuliporudi tulikuta wanne.

Mtoto wetu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, hakungoja kuulizwa. "Baba, nilipepea mpaka mkono ukakataa," alisema. Mengine tuliyasikia kwa mama yake. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, pampu ya hewa ikanyamaza, na ilipofika adhuhuri samaki wakawa wamepanda juu wote, wakipigapiga midomo kwenye uso wa maji. Jirani mwema akashauri barafu. Mfuko mzima ukatumbukizwa, maji yakapoa ghafla, na samaki watatu wakafa kabla ya jioni. Ndipo mtoto alipochukua daftari lake la hesabu akaanza kuupepea uso wa maji. Alipepea hadi usiku wa manane. Alipopitiwa na usingizi, wanne wengine wakafa.

Huenda msomaji akauliza: samaki saba, tena wa kiasi cha kidole, ndio waandikiwe makala? Kwa hesabu ya sokoni hana kosa. Nkejje kwa watu wengi ni samaki wa kukaushwa na kupikwa kwa mchuzi wa karanga, na kule Buganda akina bibi waliwapa watoto waliougua surua. Lakini sangara, ambaye Uganda tunamwita mputa, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 nkejje wa aina nyingi mno, wasiopatikana pengine popote duniani, walikuwa wamepungua vibaya, na baadhi ya aina hizo hazikuonekana tena. Aina kadhaa zimehifadhiwa ndani ya matangi ya kioo huko Marekani na Ulaya, mbali kabisa na ziwa lao. Kwa hiyo tangi la sebuleni si pambo tupu. Na hata lingekuwa pambo, yule mtoto alishika zamu ambayo sisi tulimwachia bila zana.

Tumtazame kwanza adui mwenyewe. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji yenye joto huishika kidogo kuliko maji baridi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 za Sentigredi huweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni. Yakiwa nyuzi 25 hushika 8.3, na yakiwa nyuzi 30 hushika 7.6 tu. Mahali kama Gulu, penye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, hivyo kila tarakimu hapo juu ipunguzwe kwa karibu asilimia 12. Wakati huo huo mwili wa samaki hufuata joto la maji. Kwa makadirio ya kawaida, mahitaji yake ya oksijeni huwa karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo kusema posho hupunguzwa siku ile ile ambayo mlaji ameongezewa kazi. Aidha, uchafu wa samaki hutoa amonia, na sehemu yake iliyo sumu huzidi kadiri joto linavyopanda. Pampu ikinyamaza kwa kukosa umeme, mambo haya yote hukutana saa moja.

Dawa yake ni ya zamani kuliko umeme. Maji ya mtungi huwa baridi kwa kuwa machache hupenya katika udongo, hutoka nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Askari wa zamani waliobeba chupa za maji zilizovikwa kitambaa kizito watakumbuka kwamba kitambaa kilichoroweshwa na kuachwa upeponi kiliwapa maji ya kunyweka jua likiwa utosini. Mtoto wetu na daftari lake la hesabu alikuwa akifanya jambo hilo hilo. Elimu yake ilikuwa sahihi kabisa. Alichokosa ni mkono usiochoka.

Hesabu yake yafaa kujulikana. Kila gramu ya maji igeukayo mvuke huchukua joto la jouli 2,400 na ushei. Tangi letu hutiwa lita 50 hivi. Nusu lita ikiondoka kwa mvuke, joto inalolibeba lingetosha kuyashusha maji yaliyobaki kwa nyuzi zaidi ya 5, kama joto jingine lisingekuwa likiingia. Katika nyumba ya bati joto jingine huingia mchana kutwa, na ndugu zetu polisi wakaao katika vile vibanda vya bati vya duara, uniport, hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo kwa vitendo sisi tumepata nafuu ya nyuzi 2 hadi 4. Hiyo hutosha. Hupatikana zaidi katika kiangazi cha kaskazini, hewa iwapo kavu, kuliko Entebbe siku ya mvua, ambapo hewa imekwisha shiba unyevu na haipokei mvuke kwa urahisi. Tena maji hupoa polepole, si kwa ghafla kama yalivyofanya kwa barafu.

Mtu ataona ni rahisi zaidi kuiacha feni ikizunguka mchana na usiku. Tulijaribu. Usiku wa Februari kule kaskazini una baridi yake, na kufikia alfajiri maji yalikuwa yameshuka kupita kiasi, betri imelegea, na kina cha maji kimepungua kwa upana wa kidole. Nkejje wametoka katika ziwa ambalo maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 27 hivi. Walihitaji feni ya saa za joto peke yake, na mtu wa kuiwasha na kuizima hakuwapo.

Sasa tuingie kazini. Vipande vyote hupatikana kwa mafundi wa redio, na feni yenyewe hutolewa katika kompyuta iliyokufa: ni ile ndogo ya volti 12, yenye upana wa sentimita 8 au 12. Someni karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake, na isizidi ampea 0.2. Umeme wote wa chombo hiki ni wa betri ya volti 12. Umeme wa ukutani, wa volti 240, usikaribishwe kabisa karibu na tangi kwa kazi hii.

Jicho la chombo ni thamista, punje ndogo yenye miguu miwili, ambayo ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka. Muulizeni muuzaji ile ya NTC ya kilo-omu 10, kwa kuwa zipo nyingine ambazo tabia yake ni kinyume. Ile inayouzwa sana, yenye namba 3950, huwa na omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na omu 8,800 hivi kwenye nyuzi 28. Yaani kila uzi mmoja huondoa omu kama 400. Iungeni na rezista ya kilo-omu 10 kwa kufuatana. Mguu mmoja wa rezista uende kwenye chanya ya betri, wa pili ukutane na mguu wa thamista, na mguu uliobaki wa thamista uende kwenye hasi. Pale vinapokutana patakuwa na volti 6 maji yakiwa nyuzi 25, na volti 5.6 yakiwa nyuzi 28. Joto likipanda, volti hushuka.

Mwamuzi ni chipu LM358, yenye miguu 8. Kazi yake hapa ni kulinganisha volti mbili. Mguu wa 2 hupokea zile za thamista. Mguu wa 3 hupokea volti za kulinganishia, zitokazo mguu wa katikati wa rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 10, ambayo miguu yake ya pembeni imeungwa mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye hasi. Lakini waya huo usifike mguu wa 3 moja kwa moja. Upitishwe kwanza katika rezista nyingine ya kilo-omu 10, na sababu yake tutaieleza. Mguu wa 8 ni wa chanya, wa 4 ni wa hasi. Ndani ya chipu hii mna waamuzi wawili, na yule asiye na kazi hunyamazishwa kwa kuunga mguu wa 6 na wa 7 pamoja na kuupeleka wa 5 kwenye hasi. Volti za mguu wa 2 zikishuka chini ya zile za mguu wa 3, mguu wa 1 hutoa volti 10 hivi. Zikiwa juu yake, hutoa karibu sifuri.

Hata hivyo mguu wa 1 hutoa amri tu, hauna nguvu za kuzungusha feni. Mtekelezaji ni transista BC337. Amri hupita katika rezista ya kilo-omu 2.2 hadi mguu wa katikati wa transista, uitwao besi. Mkiitazama transista kwa upande wake bapa, miguu ikiwa chini, wa kushoto ni kolekta na wa kulia ni emita. Emita huenda kwenye hasi. Kolekta huungwa na waya mweusi wa feni, na ule mwekundu huenda kwenye chanya. Feni ikiwa na waya wa tatu, huo ni wa kutoa habari za mwendo. Fungeni ncha yake kwa utepe muuache. Sambamba na feni wekeni dayodi 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili kuilinda transista wakati feni inapozimwa.

Sisi tulipofika hapo tulidhani kazi imekwisha. Maji yalipofika nyuzi 28 feni ilishtuka, ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama, ikashtuka tena, na ikaendelea hivyo kama mtu mwenye homa. Koplo mmoja wa mawasiliano aliyekuwa akipita alisimama mlangoni akaitazama kwa muda, kisha akasema: "Afande, huyu mwamuzi wako hana msimamo." Alikuwa na haki. Maji yakipoa kwa sehemu ndogo tu ya uzi mmoja chipu iliizima feni, yakipata joto kwa kiasi hicho hicho iliiwasha. Koplo akatoa mfukoni rezista ya mega-omu 1 akailehemu kati ya mguu wa 1 na mguu wa 3. Hapo ndipo ile rezista ya kilo-omu 10 iliyotangulia mguu wa 3 inapopata kazi yake: hizo mbili kwa pamoja huzisukuma juu kidogo volti za kulinganishia kila feni inapowaka, na kuzirudisha chini inapozima. Matokeo yake feni huwaka kwenye nyuzi 28 na haikubali kuzima mpaka maji yafike 27 hivi. Katika chombo chote hakuna kipande cha bei ndogo kuliko hicho, wala chenye faida kubwa kuliko hicho.

Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba betri ikilegea kutoka volti 12.7 hadi 11.5, kipimo hakihami. Volti za thamista na zile za kulinganishia hutoka kwenye betri ile ile, hivyo hushuka pamoja.

Kupima kunataka subira. Thamista hutofautiana moja na nyingine, kwa hiyo msiamini hesabu za karatasi peke yake. Chukueni karai la maji yenye nyuzi 28 kamili, tumbukizeni thamista ndani yake, kisha zungusheni ile rezista ya kuzungusha polepole mpaka feni iwake. Ongezeni maji baridi kidogo kidogo mwone inazima wapi. Kipimajoto kiwe cha kupimia maji au hewa. Sisi kwa haraka zetu tuliazima cha zahanati, tukashangaa kuona zebaki haisogei. Kipimajoto cha homa huanzia nyuzi 35, na samaki akifika huko hahitaji tena kupimwa.

Thamista ikae ndani ya maji, lakini maji yasiiguse miguu yake. Tulitumia ganda la kalamu ya wino, tukaziba ncha ya chini na kuijaza gundi ya silikoni ya kutengenezea matangi, isiyotiwa dawa ya ukungu, tukaiacha ikauke siku mbili. Fahamuni pia namna chombo hiki kinavyoharibika. Maji yakipenya ndani ya ganda, ukinzani hushuka, chipu hudhani maji yamepata joto, na feni huzunguka bila kukoma. Hasara yake ni betri. Lakini waya wa thamista ukikatika, chipu hudhani maji ni ya baridi kabisa, na feni hainyanyuki hata maji yachemke. Mlinzi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa naye, maana watu wa nyumbani wanamtegemea. Kwa hiyo waya huo ushikizwe vizuri mahali ambapo paka na watoto hawaufikii, na kila asubuhi thamista itolewe majini ishikwe kiganjani: joto la mkono likiiwasha feni, mlinzi yu macho.

Kisanduku cha vipande kikae kando ya tangi, kamwe kisikae juu yake. Waya utokao tangini uning'inie kwanza chini ya kisanduku ndipo upande kukifikia, ili matone yadondoke sakafuni. Karibu kabisa na chanya ya betri wekeni fyuzi ya ampea 1, kwani betri ya gari nyaya zake zikigusana yaweza kuchoma nyumba. Feni ya ampea 0.15 ikizunguka saa 10 kwa siku hula ampea-saa 1.5, kiasi ambacho betri ndogo ya ampea-saa 7 hukimudu siku mbili bila kuumizwa, na paneli ndogo ya jua huirudishia nguvu. Feni iupulize uso wa maji kwa kukingama. Mawimbi madogo yatokeayo husaidia pia kuingiza oksijeni. Kifuniko kiondolewe nusu, na mahali pake pawekwe wavu wa dirishani, kwa sababu nkejje huruka.

Maji yanayoondoka kwa mvuke huacha chumvi zake tangini, hivyo yaongezwe kidogo kila siku badala ya kungoja yapungue sana. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yalazwe kwanza ndani ya ndoo iliyo wazi. Tuliweka alama ya wino mwekundu kwenye kioo, na kazi ya kuyafikisha maji kwenye alama hiyo tulimkabidhi yule yule mwenye daftari.

Mwezi wa Machi mwaka huo tulipewa safari nyingine, ya siku tisa. Tuliporudi tulihesabu nkejje wanne, wale wale. Mtoto akatuletea daftari la hesabu, ambalo kurasa zake za nyuma alikuwa amezichorea mistari na kuandika saa. Chini ya siku ya tatu, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi, palikuwa na mwandiko wa penseli: "Saa saba mchana imejiwasha. Saa mbili usiku imejizima. Samaki wako chini. Naenda kulala."